Fungu la Lengalenga na Ukoo Wake

Mgeni akipita soko la Rumonge, Burundi, huona wanawake wamepanga mafungu ya lengalenga (mchicha) yaleyale, kwa bei ileile, akaamua kwamba hawajui biashara. Amekosea. Kila fungu lina ukoo nyuma yake.

Rumonge iko Imbo, uwanda wa joto kando ya Ziwa Tanganyika, kama kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua hunyesha, lengalenga huota hadi uani, na bei huanguka. Juni mpaka Agosti ni kiangazi. Hapo heri mwenye shemeji anayelima karibu na mto Dama au Murembwe. Kabichi hushuka kutoka milima ya Bururi, mawese na ndagala (dagaa) hupanda. Mama wa mlimani hamkabidhi mzigo mtu baki: humpelekea binti yake aliyeolewa huku chini, au wifi yake, naye mama hulipwa mboga zikishauzwa. Deni hilo haliandikwi popote, na halisahauliki.

Mwezi nao una amri yake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo sombe (kisamvu) hupikwa kwa karanga badala ya ndagala, na muuza mboga huwa ameshaagiza karanga mapema, kwa kuwa mvuvi ni mumewe au kaka yake.

Lakini desturi inayostahili heshima kuliko zote ni ya eda. Mjane Mwislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Pale sokoni dada yake hukalia nafasi yake, huuza kwa wateja wake, na jioni humpelekea fedha nyumbani. Akitoka eda, hukuta wateja wangali wake. Benki gani ingempa hilo?

Ukoo huu umevuka ziwa pia. Umwagaji damu wa 1972, ulioanzia Rumonge na Nyanza-Lac, uliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, na watoto wakazaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporejea miaka ya 2000, wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine. Kesi za ardhi zimezungumzwa sana. Shangazi aliyemgawia mrejeaji mafungu ya kuanzia hazungumzwi.

Sasa mambo yanalegea. Uhaba wa mafuta ya gari ulioisumbua Burundi tangu 2021 huacha nyanya zikioza zikisubiri usafiri. Maji ya ziwa, yaliyopanda sana mwaka 2024, yamefunika nyumba na bustani za ufukweni, na familia zimehamia mbali na jamaa zao. Dada anayeishi mbali hawezi kukalia nafasi ya mjane kila asubuhi, wala mama wa mlimani hajui tena mzigo wake aupeleke kwa nani.