Michezo 7 ya kuamsha klabu ya maigizo, hata kama mna uwanja mtupu tu

Klabu nyingi za maigizo shuleni huanza mazoezi kwa namna moja. Mwalimu anagawa karatasi, anauliza nani atakuwa baba, nani mama, nani mwizi. Mikono inayonyooshwa ni ile ile ya wiki iliyopita. Waliobaki wanapewa u-"wanakijiji", wanasimama nyuma hadi igizo liishe.

Hapo ndipo klabu inapopoteza watu. Si kwamba wale wa nyuma hawana kipaji. Miili yao imekaza, sauti imekwama kooni, na hakuna aliyewapa nafasi ya kukosea bila kuchekwa. Michezo ya kupasha moto ipo kwa ajili hiyo: kumtoa kila mmoja nyuma kabla nafasi hazijagawiwa.

Uzuri ni kwamba haihitaji hela. Chukua klabu ya wanafunzi 20 au 30 pale Ilula, mji mdogo wa wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi Zambia. Hakuna haja ya ukumbi, taa wala spika. Kipande cha uwanja kisicho na mawe na dakika 20 baada ya vipindi vinatosha kabisa.

Imetoka wapi?

Kucheza kwa mduara si jambo geni kwetu. Aliyekulia Tanzania anaijua ukuti. Walimu wa sanaa za maonyesho waliichukua furaha ile ile na kuipa kazi maalumu.

Marekani, Viola Spolin alijifunza michezo ya vikundi kutoka kwa Neva Boyd pale Hull House, Chicago, miaka ya 1920. Baadaye aliitumia kufundisha uigizaji, na mwaka 1963 akachapisha kitabu ambacho walimu wa maigizo bado wanakitegemea. Wazo lake ni jepesi: mtu akizama kwenye mchezo, anasahau kuona aibu.

Augusto Boal wa Brazili alienda mbali zaidi. Mwaka 1973 alishiriki mradi wa kisomo nchini Peru, na humo akatumia maigizo kuwawezesha watu wa kawaida kuonyesha matatizo yao kwa miili, si kwa maneno tu. Kwake, mtazamaji hakai kimya. Anaweza kusimamisha igizo, akaingia, akajaribu suluhisho lake.

Tanzania nayo ina historia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na leo kinajulikana kama TaSUBa. Kisha mwaka 1996 wasomi wa Chuo Kikuu, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, wakaanzisha TUSEME, mradi uliotumia maigizo kuwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kusema wenyewe kinachowakwamisha. Jina lenyewe linajieleza. Na huwezi kusema kama mwili na sauti bado vimefungwa.

Sheria tatu kabla ya kuanza

Hakuna kutolewa. Kwenye rede anayekosea anatoka, na hiyo ni sawa kwa mchezo wa mtaani. Kwenye maigizo ni hasara. Anayetolewa mapema ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wote. Mtu akikosea, kundi linapiga kofi moja, mchezo unaendelea.

Hakuna kumshika mtu bila ridhaa yake. Michezo yote iliyo hapa chini inachezeka bila kugusana. Ule mchezo wa kujiangusha nyuma ili wenzako wakudake uacheni kwa watu waliofunzwa, maana mkono mmoja ukichelewa, kichwa kinafika chini.

Mwalimu au kiongozi naye anacheza. Wanafunzi wakimwona mwalimu anabweka kama mbwa, nusu ya woga wao imeshakwisha.

Jambo dogo la ziada: kama wasichana wamevaa sketi, waambieni mapema waje na suruali ya michezo. Wengi hukaa pembeni kwa sababu hiyo tu, ila hawasemi.

1. Mduara wa majina

Simameni kwa mduara. Wa kwanza anataja jina lake na kufanya tendo moja: anaruka, anazungusha mkono, anapiga saluti. Kundi zima linarudia jina na tendo vilevile. Mkimaliza mzunguko, rudieni kwa salamu ya Kihehe, "kamwene", kila mtu kwa hali tofauti: ya hasira, ya usingizi, ya mtu anayedaiwa.

Faida yake: kila mmoja ameshasikika mara mbili ndani ya dakika tatu, hata yule mpole kuliko wote.

2. Pumzi na koo

Asubuhi za Juni na Julai nyanda za juu zina baridi, na koo lililopoa halipendi kupigiwa kelele. Anzeni taratibu. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo litanuke, kisha itoe kwa "sss" ndefu kadiri unavyoweza. Rudia mara tano. Kutoa pumzi polepole kunasaidia pia kutuliza moyo unaodunda kwa woga.

Baada ya hapo gunani "mmm" midomo ikiwa imefungwa, mpaka usikie mtetemo usoni. Ndipo fungueni midomo: "mmmaa, mmmoo, mmmii". Sauti ya jukwaani inabebwa na pumzi. Ukisikia koo linakwaruza, ujue unapayuka. Pumzika, kunywa maji.

3. Vikwaza ulimi

Watu wengi wa bara hubadilishana "l" na "r" wakiongea haraka. Si jambo la kuchekana, ni la kufanyia mazoezi. Jaribuni hili, kwanza polepole, kisha kasi:

"Lori refu limelala Ilula, dereva analilia ruhusa ya kurudi."

Na hili kwa ajili ya "k":

"Kaka Kikoti kakata kitunguu kikubwa kikavu."

Kisha lisemeni kwa kunong'ona, lakini aliye upande wa pili wa uwanja asikie kila neno. Hapo mtagundua kwamba kusikika kunatokana na matamshi safi zaidi kuliko kelele.

4. Soko la Ilula

Kila mtu atembee uwanjani kwa njia yake bila kugongana na bila kuacha sehemu tupu. Kiongozi anataja namba: 1 ni mwendo wa kinyonga, 5 ni haraka bila kukimbia. Akisema "simama", wote wanaganda.

Halafu anaongeza hali. Umebeba tenga la nyanya. Tenga limevuja, zinadondoka. Umeona mtu unayemdai. Bei ya vitunguu imeshuka ghafla na una gunia 10 nyumbani. Hakuna kuongea, mwili pekee ndio unaeleza.

Mchezo huu unamfundisha mwigizaji mambo mawili kwa pamoja: kujua wenzake wako wapi jukwaani, na kumfanya mtazamaji aone mzigo ambao haupo.

5. Lori linapanda Kitonga

Anayesafiri kutoka Morogoro kuja Ilula anaujua mlima Kitonga na kona zake. Sasa klabu inajenga lori. Mmoja anaingia katikati na tendo moja la kujirudia pamoja na sauti yake: labda yeye ni injini. Wa pili anaongeza wipa, wa tatu breki, wa nne utingo anayechungulia tairi. Wakiingia wote, kiongozi anasema "mlima umeanza", na lori zima linabadilika: sauti nzito, mwendo mdogo. Kisha linashuka.

Hapa hakuna staa. Mmoja akienda kasi yake peke yake, lori linaharibika na kila mtu anasikia.

6. Hesabu mpaka 20

Simameni karibu, macho chini. Kundi lihesabu 1 mpaka 20, mtu mmoja kwa kila namba, bila kupangana na bila kupeana ishara. Wawili wakisema kwa pamoja, mnaanza upya.

Mara ya kwanza mtakwama kwenye 4 au 6. Msikate tamaa. Waongeaji watajifunza kunyamaza, na wanyamavu watagundua kwamba bila wao hesabu haiendi.

7. Picha isiyosogea

Huu umetokana na kazi ya Boal, na ndio unaowapeleka kwenye igizo lenyewe. Watu watano wanatengeneza picha ya tatizo kwa miili yao, bila neno. Mfano: ni siku ya mtihani, lakini msichana anaambiwa abaki shambani kwa kuwa nyanya zimeiva na gari la mnunuzi linakuja leo. Nani amesimama wapi? Nani anamtazama? Nani ameangalia pembeni?

Walio nje wanaitazama kwanza, kisha wanaingia mmoja mmoja na kubadilisha kitu kimoja tu. Huyu anamgeuza kaka yake amwangalie, kwa kumwonyesha, si kwa kumvuta. Yule anamleta jirani. Baada ya mabadiliko matatu au manne mtakuwa na mwanzo na mwisho wa igizo, na limetoka kwenu wenyewe.

Picha ikigusa jambo la kweli

Hii sehemu mwalimu asiiruke. Mwanafunzi akipewa nafasi ya kuonyesha tatizo, wakati mwingine anaonyesha la kwake: kipigo, njaa, mtu mzima anayemsumbua njiani. Usimuulize mbele ya wenzake "hii imekutokea?" Usimlazimishe kuendelea. Maliza mchezo kawaida, kisha mtafute faraghani, wewe au mwalimu wa unasihi, umsikilize bila kumpa ahadi kwamba itabaki siri.

Kama kuna dalili za ukatili, suala hilo linapelekwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure. Klabu inayowafungua watoto midomo na kisha kupuuza walichosema inawafundisha kwamba kusema hakusaidii, na somo hilo likishaingia ni gumu kulitoa.

Ratiba ya dakika 20

Msicheze yote siku moja. Mpango mwepesi ni huu: dakika 3 majina, dakika 4 pumzi na vikwaza ulimi, dakika 5 soko au lori, dakika 3 hesabu, na dakika 5 picha. Kila wiki badilisheni kiongozi, na awamu hii apewe yule ambaye hajawahi kuongoza.

Baada ya mwezi pimeni kwa jambo moja tu, si makofi wala zawadi ya mashindano. Siku ya kugawa nafasi za igizo, hesabuni mikono iliyonyooshwa. Kama imeongezeka hata mitatu, michezo inafanya kazi yake.