Hisa Zako za Safaricom Zimepanda Maradufu: Ushike, Uuze au Uzikinge?

Wenzangu wa biashara, leo tuongee pesa iliyoko nje ya duka. Dada mmoja mwenye kibanda cha M-Pesa ameniuliza hivi: "Kaka, nilinunua hisa 2,000 za Safaricom kwa shilingi 13. Sasa bei imefika 26. Nishike ama niuze?" Alitoa 26,000, sasa ana 52,000. Swali zuri, na najua si lake peke yake.

Kwanza tuangalie hii hisa imetoka wapi. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine kwa mkopo, halafu bei ikashuka chini ya 3. Waliovumilia waliiona ikifika karibu 45 mwaka 2021. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Na M-Pesa haikuwa imefungwa! Wawekezaji wa nje walikuwa wanauza, na biashara mpya ya Ethiopia ilikuwa inakula pesa nyingi. Kwa hivyo kampuni inaweza kuwa nzuri na bei bado ikaanguka. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa njia ziko tatu.

1. KUSHIKA ZOTE
Ukishika unapata gawio. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025, Safaricom ililipa shilingi 1.20 kwa hisa. Hisa 2,000 ni 2,400, ukikatwa kodi ya asilimia 5 unabaki na 2,280. Ukilinganisha na 26,000 uliyotoa, ni karibu asilimia 9, unafurahi. Lakini pesa yako leo si 26,000, ni 52,000. Kwa hiyo ni kama asilimia 4 na kitu. Hiyo ndiyo hesabu ya kulinganisha na faida ya kuongeza mzigo dukani.

2. KUKINGA
Kukinga ni kama bima ya moto: duka linabaki lako, lakini hasara unaigawa. Nairobi, soko la hisa lilianzisha mwaka 2019 mikataba ya kununua na kuuza baadaye kwa bei mnayokubaliana leo, na Safaricom imo. Ni sawa na mfugaji anayekubaliana na hoteli bei ya kuku wa Desemba tangu Oktoba.

Chukua mkataba wa hisa 1,000 kwa bei ya 26. Bei ikianguka hadi 18, hisa hizo zimepoteza 8,000 lakini mkataba unakulipa 8,000. Safi. Sasa geuza. Bei ikipanda hadi 32, hisa zimeongezeka 6,000, ila mkataba unakudai 6,000. Faida iko kwenye karatasi, deni ni la pesa taslimu, na hesabu hufanywa kila siku. Utaitoa wapi? Kwenye floti! Mwenye duka dogo anaumia hapo hata kama hajapoteza kitu kwa jumla. Isitoshe, wanunuzi wa mikataba hii ni wachache, unaweza kutaka kutoka ukakosa wa kukupokea. Kwa hisa 2,000, mimi naona kinga hii ni kofuli kubwa kuliko mlango.

3. KUUZA SEHEMU
Hii ndiyo kinga ya mtu wa kawaida. Uza hisa 1,000 kwa 26, mtaji wako wa 26,000 unarudi, toa ada za dalali na soko. Zinabaki 1,000. Bei ikipanda, bado umo. Ikianguka, umeumia nusu tu. Lakini usidanganyike ati zilizobaki ni za bure. Ni 26,000 yako, jasho lako, zilinde vile vile.

UTAAMUAJE?
Jiulize maswali manne:

Moja, pesa hii ina kazi gani, na lini? Ada ya shule ya Januari haifai kungoja bei ya hisa. Uza kiasi hicho tu.

Mbili, ungekuwa na 52,000 mkononi leo, ungenunua Safaricom yote? Kama jibu ni hapana, mbona unazishika zote?

Tatu, bei ikirudi 13, duka litaendelea? Kama hapana, umebeba mzigo kuliko mgongo wako.

Nne, na hili wengi hawalioni: kipato chako kinatoka wapi? Wakala wa M-Pesa anakula kamisheni ya Safaricom, na akiba yake pia iko Safaricom. Siku kampuni ikikohoa, vyote viwili vinapata homa. Huyo apunguze hata kama hisa ni nzuri.

Dada nimemwambia hivi: uza za ada kwanza, kisha punguza mpaka zibaki zile ambazo zikianguka nusu bado utafungua kibanda asubuhi. Andika bei na idadi kwenye daftari leo, kabla bei haijakutia tamaa au hofu. Bei ikifika, fuata daftari.

Wewe umeshika ngapi, na ulinunua kwa bei gani? Andika hapa chini tupige hesabu pamoja. Na mtumie mwenzako mwenye hisa, huenda ndiyo wiki anaamua.