Ngozi ya Kisakasaka: piga hesabu ya maji kabla ya bei ya dawa

Chukwani, hapa Unguja, haiko mbali na machinjio ya Kisakasaka, kwa hiyo fundi wa makubadhi anayetaka kusindika ngozi mwenyewe hana shida ya kupata ngozi mbichi. Kwa kawaida huanza kuulizia bei ya dawa. Aanze na maji: yakishatumika, atayamwaga wapi?

Dawa inayotumika zaidi duniani ni chumvi ya kromiamu. Ni ya haraka. Kwa siku moja au mbili ngozi imeiva, nayo inakuwa laini. Tani 1 ya ngozi hutiwa kama kilo 80 za chumvi hiyo, na kwa njia ya kawaida thuluthi hivi haishiki, inatoka na maji. Yaani kilo 25 na ushei umezilipia, kisha umezimwaga. Ndani yake mna kama kilo 4 za kromiamu yenyewe. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.05 kwa lita, kwa hiyo kilo 1 tu inatosha kufikisha lita milioni 20 kwenye ukomo huo.

Usitegemee karo. Chini ya Chukwani ni jiwe la matumbawe lenye nyufa, na maji hupenya humo upesi, bila kuchujwa vya kutosha, yakaelekea visimani na baharini. Kiwanda kikubwa kinaweza kuitenga kromiamu kwa magnesia, kuiyeyusha kwa asidi ya salfa na kuitumia tena. Ni kazi nzuri, ila inataka matangi na mtu wa kupima kila siku. Karakana ndogo haiwezi kubeba gharama hiyo.

Mimosa, inayotolewa kwenye magome ya miwati na kampuni ya TANWAT kule Njombe, haina kromiamu. Lakini utahitaji robo ya uzito wa ngozi au zaidi, na wiki kadhaa za kusubiri. Maji yake meusi nayo yasafishwe, maana humaliza oksijeni ya viumbe wa majini. Magome ya mikoko yanafanya kazi hiyohiyo. Siyashauri, mikoko ndiyo kinga ya pwani yetu.

Kwa Chukwani, mimi ningetia ngozi chumvi ya kawaida na kuipeleka viwanda vya Moshi au Himo. Utalipa boti na lori, lakini hutabaki na sumu uani. Ila uliza kiwanda tope lake linakwenda wapi. Viwanda vya Hazaribagh, Dhaka, vilichafua mto Buriganga kwa miongo kadhaa kabla ya kuhamishwa mwaka 2017. Uchafu uliohamishwa bado ni uchafu.

Ukinunua ngozi iliyo tayari, tazama ukingo uliokatwa. Kiini cha samawati iliyopauka ni dalili ya kromiamu; hudhurungi mpaka ndani, huenda ni mimosa. Vipande vya ngozi ya kromiamu vinavyobaki usivichome kamwe: moto unaweza kuigeuza kuwa kromiamu ya sita, inayosababisha saratani ikivutwa. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2015, umeweka ukomo wa miligramu 3 za aina hiyo kwa kilo ya ngozi inayogusa mwili. Vipande vikubwa vishonee pochi na vishikio vya funguo. Vilivyobaki na vumbi lake vitie kwenye gunia, viweke pakavu, na uwaulize ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kabla ya kuvichanganya na taka za jikoni ziendazo jaa la Kibele.