Homa ya Bonde la Ufa: Taarifa za Mgonjwa, Mifugo na Mvua Zinapokutana

Kati ya Januari na mwanzoni mwa Mei 2007, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 264 wa homa ya Bonde la Ufa nchini Tanzania, na 109 kati yao walifariki. Ugonjwa ulianzia mkoani Arusha, kisha ukaenea katika mikoa mingine, ukiwemo Morogoro.

Mlipuko huo haukuja bila dalili. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, ambayo huweza kubeba virusi, hudumu katika udongo mkavu kwa miaka kadhaa. Mvua kubwa ikifurika mabondeni, huanguliwa. Mbu huuma mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hutupa mimba kwa wingi, na wachanga wao hufa. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu.

Hivyo kila hatua huacha alama yake, lakini katika daftari tofauti: mvua kwa wataalamu wa hali ya hewa, mimba zilizotoka kwa daktari wa mifugo, homa katika zahanati, vinasaba vya virusi maabara. Mwishoni mwa 2006, wanasayansi wa NASA ya Marekani waliunganisha vipimo vya joto la bahari, mvua na uoto, wakatoa tahadhari wiki 2 hadi 6 kabla ya ugonjwa kujitokeza katika Pembe ya Afrika. Baadaye, vinasaba vya virusi kutoka kwa mifugo ya Kenya vilionyesha koo kadhaa zenye asili moja ya karibuni. Hakuna daftari moja ambalo lingeyasema yote hayo peke yake.

Kuunganisha taarifa, hata hivyo, si kuzirundika mahali pamoja. Ni lazima zikubaliane kuhusu mahali, tarehe na maana ya maneno. Chukulia mfano wa mchinjaji anayeishi Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, aliyechinja ng'ombe mgonjwa Kilosa. Homa humwanza siku 2 hadi 6 baadaye, naye hutibiwa karibu na nyumbani. Rejesta ikiandika makazi pekee, ramani itaonyesha ugonjwa Kilakala, na wataalamu watawatafuta mbu na mifugo mahali pasipohusika. Ikiandikwa siku ya kufika kituoni badala ya siku homa ilipoanza, uhusiano na mvua au vifo vya mifugo utapotea. Vivyo hivyo, anayeshukiwa asihesabiwe pamoja na aliyethibitishwa na maabara.

Morogoro ina nafasi ya pekee katika kazi hii. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ni makao ya SACIDS, taasisi inayowakutanisha wataalamu wa binadamu na wa wanyama, na ambako programu ya simu ya AfyaData ilitengenezwa ili taarifa za magonjwa ziripotiwe kutoka vijijini. Mwaka 2018, serikali ilizindua Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Mtoa huduma anapompokea mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea, amwulize maswali matatu na kuandika majibu: homa ilianza lini, alikuwa wapi katika wiki iliyotangulia, kwa jina la kijiji, kata na wilaya, na je, aligusa, alichinja au alikula mnyama aliyeumwa au kutupa mimba? Penye shaka, amjulishe pia ofisa mifugo.

Mgonjwa naye asifiche kwamba nyama ilitokana na mnyama aliyekufa. Jibu hilo linaweza kuwaokoa waliokula naye. Jina lake halihitajiki katika utafiti. Namba ya siri hutosha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda haki yake. Kinachohitajika ni mahali, siku na mnyama, vikiandikwa kwa ukamilifu.