Mwanao Anacheza na Nani?

Wazazi wengi tukimwona kijana amekaa mbele ya kompyuta, swali letu la kwanza huwa ni, "Utacheza mpaka saa ngapi?" Ni swali la haki. Masomo yapo, kazi za nyumbani zipo, na mwili nao unahitaji usingizi. Lakini liko swali la pili ambalo sisi akina mama huliuliza kwa nadra: "Unacheza na nani?" Jibu lake hutegemea sana jinsi mchezo wenyewe ulivyotengenezwa.

Tunazungumzia ile michezo ya intaneti ambamo maelfu ya watu kutoka nchi mbalimbali huingia katika ulimwengu mmoja wa kubuni. Kila mchezaji humchagua mhusika wake, awe askari, mponyaji au mwindaji, humpa jina, kisha humkuza kidogo kidogo kwa kupigana na mazimwi na kutimiza kazi anazopewa. Kwa nje michezo hii hufanana. Kwa ndani, mingine huwalazimisha watu kutegemeana, na mingine humruhusu kila mtu aje na kuondoka apendavyo.

Mchezo wa kutegemeana

EverQuest ulianza huko Marekani mwezi wa Machi 1999. Humo mtu wa peke yake kwa kawaida hakufika mbali. Ilibidi pawepo mmoja wa kupokea mapigo, mmoja wa kuponya, na wengine wa kushambulia. Mhusika aliyeuawa alipoteza sehemu ya maendeleo yake, na vifaa vyake vikabaki pale alipoangukia. Ilimpasa kurudi kuvifuata, na mara nyingi aliwaomba wenzake wamsindikize. Baada ya pambano, wengine walilazimika kuketi chini na kungoja nguvu ziwarudie. Katika kungoja huko watu waliongea, kama tuongeavyo sisi tukiwa kwenye foleni ya bomba la maji. Tena, kwa kuwa walikutana wale wale kila siku, mdanganyifu alijulikana kwa jina, na mwema vilevile.

Lakini jambo hilo lilikuwa na gharama. Mponyaji akiondoka, kundi zima hukwama. Mama anapoita watu mezani na kijana akajibu, "Bado kidogo, wenzangu wananitegemea," huenda hadanganyi hata kidogo. Ugali unapoa, na yeye yuko katikati ya watu wawili anaowaheshimu: mama yake na wenzake.

Mchezo wa mwenye nafasi kidogo

World of Warcraft ulitoka Novemba 2004, nao ulimhurumia mtu mwenye shughuli nyingi. Mchezaji aliweza kufika ngazi ya juu akiwa peke yake, kwa kazi fupi fupi. Hata aliyepumzika alituzwa: akimwacha mhusika wake katika nyumba ya wageni, siku ya kurudi alisonga mbele upesi zaidi kwa muda. Watu waliupenda, na kufikia Oktoba 2010 wateja wake walikuwa milioni 12. Hata hivyo, mwanzoni yalikuwepo mapambano makubwa yaliyohitaji watu 40 waliopatana saa na siku.

Desemba 2009 likaongezwa jambo lililoonekana dogo. Mchezaji aliyetaka kundi la watu watano alibonyeza tu, na kompyuta ikamtafutia wageni wanne, hata kutoka seva nyingine. Kazi ilikwisha upesi, kila mmoja akaenda zake. Hapakuwa na haja ya kuomba, kushukuru, wala kulinda jina lako. Muda uliokolewa, lakini ujirani ukapungua. Agosti 2019 kampuni iliutoa tena mchezo huo katika sura yake ya zamani, bila chombo hicho, na watu walipanga foleni kwa saa kadhaa ili waingie.

Kijana wa Oslo

Mats Steen alizaliwa mwaka 1989 huko Norway akiwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli. Alitumia kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi akicheza World of Warcraft. Wazazi wake walihuzunika wakidhani kwamba mtoto wao anaishi bila rafiki. Alifariki Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 25. Walipotangaza kifo chake kwenye intaneti, wakaanza kupokea barua kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Walioandika walikuwa wenzake wa chama kimoja ndani ya mchezo, waliomjua kwa jina la Ibelin. Baadhi yao walisafiri hadi kwenye mazishi. Mama mmoja alieleza jinsi Mats alivyomsaidia kumkaribia mwanawe mwenye usonji, kwa kumshauri wacheze pamoja. Habari hizi zilitolewa katika filamu mwaka 2024.

Tuangalie vizuri. Ule ulikuwa mchezo ule ule uliowapa wengine wageni wanne wa kubonyeza. Mats alipata marafiki kwa sababu alikaa na kundi moja la watu, miaka kwa miaka, akawasikiliza. Tukumbuke pia kwamba ugonjwa ulimfungia milango ambayo kwa watoto wetu wengi iko wazi.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize majina. Mtoto anayeweza kutueleza habari za wenzake ana uhusiano wa kweli, nasi tutajua ni wa namna gani. Tumkumbushe kwamba anwani ya nyumbani, shule na picha zake hazipewi mtu asiyejulikana kwetu.

Pili, tupatane saa kabla ya mchezo kuanza. Kama ni pambano la kundi, tuulize litakwisha lini, naye awaambie wenzake mapema saa ya kuondoka. Kumwondoa katikati kwa ghafla kunamfundisha kuvunja ahadi. Kumwacha bila mpaka kunamfundisha kwamba nyumbani hakuna anayemngoja.

Tatu, tusichukulie mambo kwa wepesi. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautaja ugonjwa wa michezo ya aina hii: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na huendelea ingawa anaumia, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Ukiona hivyo, tafuta msaada wa daktari.

Nne, tuketi karibu naye, hata kwa nusu saa, atuonyeshe ulimwengu wake.

Mwisho, tujitazame na sisi. Mhubiri, katika sura ya 4, anasifu kuwa na mwenzi wa kukuinua uangukapo. Je, katika jumuiya na vikundi vyetu vya akina mama, mmoja wetu asipoonekana Jumapili mbili, tunamfuata? Au tunakutana, tunaimba, tunatoa mchango, kisha kila mmoja anakwenda zake? Mtoto hujifunza maana ya ushirika kwa kumwona mama yake akibisha hodi mlangoni kwa mgonjwa. Akiijua nyumbani, ataitambua popote atakapoikuta.