Ruzuku ya mbolea yataka fedha ya mkulima kwanza

KILA mvua za Novemba zinapokaribia katika vijiji vya Shinyanga na Geita, wakulima huulizana kama mbolea ya ruzuku imefika. Swali gumu zaidi huulizwa kimya kimya: fedha ya kuinunulia iko wapi?

Ruzuku si zawadi. Serikali hulipa sehemu ya bei na mkulima humalizia iliyobaki, tena taslimu, wakati ambapo chakula ghalani kimepungua na fedha ya mavuno imeshatumika.

Hali hiyo ilijitokeza katika mpango wa vocha za pembejeo ulioanza nchini msimu wa 2008/09 na kumalizika 2013/14. Kaya iliyochaguliwa na kamati ya vocha ya kijiji ilipata vocha za mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu za mahindi au mpunga za kutosha ekari moja. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei, nusu nyingine ilitoka mfukoni mwa mkulima.

Aliyekosa nusu hiyo aliingia mtegoni. Katika maeneo mbalimbali nchini, wapo waliosaini vocha na kumwachia wakala kwa fedha kidogo bila kuchukua mbolea. Kwenye karatasi walihesabiwa kuwa wamenufaika, lakini mashamba yao hayakupata kitu.

Agosti 8, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya mpango mwingine, ambao mkulima hununua kwa namba yake ya usajili. Msimu huo mfuko wa kilo 50 wa DAP ulishuka kutoka zaidi ya Sh131,000 hadi Sh70,000, na urea kutoka zaidi ya Sh124,000 hadi Sh70,000.

Nafuu hiyo ni kubwa. Hata hivyo, mwenye ekari moja ya mahindi aliyenunua mfuko mmoja wa kila aina alitoa Sh140,000. Kama gunia la kilo 100 linauzwa Sh50,000, shamba lazima limpe karibu magunia matatu ya ziada ili fedha ya mbolea irudi, kabla hajaona faida.

Shinyanga mvua huweza kukatika katikati ya msimu, mahindi yakanyauka na mbolea ikabaki ardhini. Mwenye majaluba ya mpunga yanayotunza maji ana unafuu kuliko mwenye mahindi kwenye udongo wa kichanga.

Katika ukanda wa dhahabu, wengine hutafuta fedha hiyo machimboni. Kijana akienda Nyarugusu kutafuta bei ya mfuko, siku anazochimba ndizo siku za kulima. Akirudi Januari na fedha, wakati wa mbolea ya kupandia umeshapita.

Dawa ni kuanza mapema. Pamba inaponunuliwa, kuanzia Mei, mkulima atenge fedha ya mbolea kabla ya matumizi mengine na ahakikishe taarifa zake za usajili ziko sahihi. Anunue kwanza ya kupandia, na ya kukuzia ainunue akiona mimea imesimama na udongo una unyevu. Mwenye ng'ombe asiache samadi zizini. Asiye na uhakika aanze na nusu ekari.

Namba ya usajili peke yake haijazi ghala.