Kabla ya Kununua Vitabu vya Kumfundishia Mtoto Nyumbani

Mpunga wa Madibira ukianza kuweka punje, kwelea kwelea hawachelewi. Hushuka kwa makundi asubuhi na mapema, wakarudi tena jioni, na kazi ya kuwafukuza mara nyingi huwaangukia watoto, kwa sababu kuamia ndege hakuhitaji misuli, kunahitaji mtu asiyesinzia. Familia nyingine huhamia kabisa kwenye vibanda vya mashambani mpaka mavuno. Hivyo ndivyo mtoto wa Darasa la II anavyoweza kukaa wiki nzima bila kuona ubao, wala si kwa uzembe wa wazazi wake. Kalenda ya shamba na kalenda ya shule hazikupangwa na mtu mmoja.

Madibira ni kata ya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, pale ambapo miinuko ya Mufindi, upande wa Iringa, inateremka pamoja na Mto Ndembera kuingia bonde la Usangu. Skimu yake ya umwagiliaji ina hekta 3,000 hivi, nazo zilipimwa kwa ajili ya wakulima wadogo, hekta moja moja. Kuna wakulima, kuna wafugaji wanaohama na ng'ombe, kuna watumishi waliohamishiwa huko katikati ya muhula. Wote hawa, kwa nyakati tofauti, hujikuta wakiwa walimu wa watoto wao. Na swali lao ni lile lile analojiuliza mzazi wa Dar es Salaam mwenye intaneti ya kasi nyumbani: mtoto afundishwe kwa mtaala gani?

Jibu huanzia kwenye sheria, kabla ya duka la vitabu. Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, katika kifungu cha 35, inataka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Wajibu huo uko mabegani mwa mzazi au mlezi. Kwa hiyo, kwa familia ya kawaida ya Tanzania, kumfundisha mtoto nyumbani hakufuti uandikishaji. Ni kumwongezea kile anachokipata shuleni, au kumzibia pengo la siku alizokosa. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inawalazimu wazazi kuwapeleka watoto shule, wapo waliochagua kuwasomesha nyumbani moja kwa moja, na ubishi wao na serikali umefika hadi mahakamani.

Baada ya sheria inafuata njia ya mitihani. Mtoto wa shule ya msingi Tanzania hupitia Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, kisha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, yote ikisimamiwa na Baraza la Mitihani. Usajili hupitia shuleni, na kila mwanafunzi huwa na namba yake ya PReM, ambayo hata anapohama shule lazima ihame naye. Mzazi anayemfundisha mwanawe vizuri sana nyumbani lakini akaacha jina lake lifutike kwenye rejesta ya shule, amemjengea mtoto nyumba isiyo na mlango.

Basi mtaala wa kwanza wa kuutazama ni ule wa Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1975. Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Mtaala umebadilika. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutumika Januari 2024, ukianzia awali, Darasa la I na Darasa la III kwa upande wa shule za msingi. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Walioingia Darasa la III mwaka 2024 wanamaliza Darasa la VI mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliowatangulia wanamaliza Darasa la VII.

Kwenye meza za vitabu vilivyotumika, mtaala wa zamani bado unauzwa, na bei yake inavutia. Dalili iko kwenye jalada. Kitabu cha Darasa la III kilichoandikwa Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, au Sayansi na Teknolojia ni cha utaratibu uliopita. Katika utaratibu mpya kuna Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, Sayansi, Sanaa na Michezo. Kitabu cha zamani hakina sumu, na hadithi zake za kusoma zinafaa bado. Lakini anayekifanya mwongozo wa mwaka mzima atamrudisha mtoto darasani akiwa amejiandaa kwa masomo ambayo wenzake hawayasomi. Vitabu vipya vinapatikana bila malipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Simu moja ya mjumbe au ya mwalimu inaweza kuvipakua kukiwa na mtandao, vikasomwa baadaye penye kibanda.

Mitaala ya kigeni je? Historia yake ni ndefu. Shule ya Calvert ya Baltimore, Marekani, ilianza mwaka 1906 kuwauzia wazazi masomo ya kufundishia nyumbani, na familia za wamisionari na wanadiplomasia zilisafiri nayo nchi za mbali. Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, aliacha njia inayopendwa hadi leo: vitabu vizuri, masomo mafupi, mtoto kusimulia kwa maneno yake alichosikia, na muda mwingi wa kutembea nje. Mpango wa Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas mwaka 1970, humpa mtoto vijitabu anavyovimaliza kwa kasi yake mwenyewe, akijisahihisha. Nao Cambridge wana mtaala wa watoto wa miaka mitano hadi 11 unaotumiwa na shule nyingi za kimataifa.

Kila mmoja una uzuri wake, hasa ile desturi ya Mason ya kusimulia, ambayo haihitaji hata shilingi moja. Lakini vifurushi vya mitaala hii viliandikwa kwa Kiingereza, vingi vikimlenga mtoto ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake, na hesabu za fedha ndani yake mara nyingi ni za dola na senti. Familia inayojua kwamba itahamia nje, au ambayo mtoto wake yuko shule ya kimataifa, ina sababu ya kuvitumia. Familia ya Madibira ambayo mtoto wake atakaa kwenye dawati la shule ya serikali mwezi ujao haina sababu hiyo. Kuuza magunia mawili ya mpunga ili kununua kifurushi ambacho mtoto hakielewi na mtihani wake haukijui ni hasara ya waziwazi, hata kama muuzaji anazungumza kwa ufasaha kiasi gani.

Kabla ya kitabu chochote, mzazi ajue mtoto wake amefika wapi. Upimaji wa kusoma uliofanyika kitaifa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watoto wa Darasa la II walisoma wastani wa maneno 18 hivi ya Kiswahili kwa dakika, ilhali lengo lililowekwa baadaye lilikuwa maneno 50. Ndiyo sababu mtaala wa Darasa la I na II ulielekezwa mwaka 2015 kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK ambazo kila mzazi amezisikia.

Kipimo hicho kinafanyika nyumbani bila mtaalamu. Mzazi achague ukurasa ambao mtoto hajawahi kuusoma, atege dakika moja kwenye simu, mtoto asome kwa sauti. Ahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa, kisha afunge kitabu na kuuliza: nani alikwenda wapi, na kwa nini? Wapo watoto watakaoporomosha ukurasa mzima bila kosa kwa sababu wameukariri darasani kwa kuitikia pamoja. Hao wafunikiwe picha, waanzishiwe mstari wa mwisho. Ukweli utaonekana hapo hapo. Wengine husoma ba, be, bi, bo, bu bila shida, wakakwama kwenye mbwa, ng'ombe na nywele. Mtoto wa namna hiyo anahitaji wiki kadhaa za silabi zenye konsonanti mbili na tatu, kila siku kidogo, pamoja na hadithi fupi zinazozirudia, hata kama ameshafika Darasa la IV na kaka yake anamcheka.

Suala la lugha halikwepeki Usangu. Nyumba moja inaongea Kisangu, ya pili Kihehe au Kibena, na kwenye boma la mfugaji mtoto anaweza kuwa anasikia Kisukuma kutwa. Kwa mtoto ambaye bado hajasoma, somo la kwanza la nyumbani ni mazungumzo: kusimuliwa hadithi kwa Kiswahili, kutumwa kwa Kiswahili, kuulizwa na kujibu. Kiingereza sasa ni somo tangu Darasa la I, na mzazi asiyekijua hana haja ya kuona aibu. Redio, televisheni na simu zinaweza kumsaidia kwenye matamshi. Yeye abaki na kusoma na hesabu, ambazo anaziweza.

Hesabu zenyewe zimemzunguka mtoto. Mfuko wa mpunga wa kilo 100 ukitoka mashineni na kilo 65 za mchele, zilizobaki kwenye pumba na chenga ni kilo ngapi? Swali hilo ni la Darasa la III. Hekta moja ni mraba wenye mita 100 kila upande, kwa hiyo mtoto wa Darasa la V anaweza kuutembea mzunguko wake akihesabu hatua, akakaa chini na kutafuta eneo, kisha akauliza ekari ngapi zinaingia humo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule na shamba vijuane, na wazo hilo halijachakaa. Ila mipaka iwepo. Kumpeleka mtoto kupalilia kutwa nzima na kuita kazi hiyo somo la sayansi ni kumdhulumu. Kazi ya shamba inageuka somo pale tu mtu mzima anapokaa na mtoto, daftari likafunguliwa na swali likaandikwa.

Nchi nzima ilijaribiwa kwa mtihani wa kuwafundisha watoto nyumbani mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na shule za msingi zikafunguliwa tena Juni 29. Vipindi vya masomo viliwekwa redioni na kwenye televisheni. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililokuwa limeanza kurusha katuni za Ubongo Kids mwaka 2014, lilikuwa tayari na vipindi vya hesabu na sayansi kwa Kiswahili, pamoja na Akili and Me kwa watoto wadogo. Vipindi hivyo bado vipo, na ni vizuri kweli. Lakini kipindi hakimuulizi mtoto kama ameelewa. Mama au bibi akikaa pembeni na kumwambia, "Haya mwanangu, nieleze mimi sasa," kipindi cha nusu saa kinakuwa somo kamili.

Kwa mtoto aliyekosa shule kwa miaka, na si kwa wiki, kuna njia ya MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Masomo yake yamefupishwa, na watoto wanaofaulu mtihani wa Darasa la IV hujiunga na wenzao wa Darasa la V. Mzazi wa mtoto wa miaka 11 asiyejua kusoma aulizie huko kwanza, kwa mwalimu mkuu au kwa afisa elimu kata, kabla ya kumlipa mtu wa tuisheni.

Muda hautakiwi kuwa mrefu. Kipindi cha Darasa la I na II shuleni ni dakika 30, na kuanzia Darasa la III ni dakika 40. Vipindi viwili au vitatu kwa siku, mtoto mmoja akiwa na mtu mzima mmoja, vinatosha kumtoa mbali. Na kwelea kwelea wenyewe wanasaidia: jua likiwa kali mchana hupumzika kwenye vichaka, shamba likatulia mpaka alasiri. Saa sita hadi saa nane, chini ya kivuli cha kibanda, ni nafasi ya kusoma.

Kabla ya kuhamia shambani, mzazi apite shuleni akaongee na mwalimu wa darasa. Amwombe amwonyeshe azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, anakili kwenye daftari mada za wiki ambazo mtoto hatakuwepo, na akubaliane naye siku ya kurudi. Walimu wengi watamwambia pia ni mada zipi zinaweza kurukwa na zipi haziwezi: kugawanya na sehemu kwenye hesabu, kwa mfano, haziwezi. Daftari hilo lirudi na mtoto, lisahihishwe na mwalimu yule yule.